Aqua Yako Imeisha Matairi: Kununua Mengine Bila Kupandisha Mafuta

Haibridi nyingi unazoziona Mwisenge, hapa Musoma, ziliteremshwa bandarini Dar es Salaam zikiwa bado na matairi ya Kijapani. Mwenye gari hujisifia kilomita anazopata kwa lita, asijue kuwa sehemu ya sifa hizo ni ya matairi. Yakiisha anakwenda mjini, anatajiwa bei, anafungiwa manne mapya ya bei ya chini kabisa. Wiki mbili baadaye kile kioo cha dashibodi kilichozoea kusoma 22 kinasoma 20, na maneno yanaanza: betri imechoka, mafuta yamechakachuliwa, fundi kachezea kitu. Huenda kimojawapo ni kweli. Lakini wa kwanza kuulizwa awe tairi, maana ndilo lililobadilika.

Tairi linapozunguka, sehemu inayogusa chini hubonyea, kisha hurudi. Kubonyea na kurudi huko kunakula nguvu, na nguvu hiyo hugeuka joto. Shika ubavu wa tairi ukifika Bunda kutoka Musoma, utalikuta lina moto. Moto huo uliulipia kituo cha mafuta. Tairi lililotengenezwa kwa mpira unaobonyea bila kula nguvu nyingi ndilo jepesi kubingirika, na ndilo linaloitwa tairi la kubana mafuta.

Kwa nini mwenye haibridi anapaswa kujali zaidi? Kwa sababu gari lake limeshaziba mianya mingine. Ukikanyaga breki, mota ya umeme inageuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo gari la kawaida lingeitupa. Ukisimama kusubiri, injini inazima. Ukitambaa taratibu kutoka Mwisenge kwenda katikati ya mji, kuna vipande unavyovipita bila injini kuwaka kabisa. Lakini nguvu iliyoliwa na tairi haina pa kurudishwa. Kwenye gari la kawaida hasara hiyo imefichwa katikati ya hasara nyingine nyingi; kwenye haibridi inabaki peke yake, na dashibodi inakuonyesha kila siku.

Kipimo kinachokubalika na watengenezaji ni kwamba ugumu wa kubingirika ukipungua kwa asilimia 10, mafuta hupungua kati ya asilimia 1 na 2. Tairi zuri likilinganishwa na baya la saizi ileile linaweza kuwa jepesi kwa theluthi nzima. Kwa hiyo tunazungumzia asilimia 3 hadi 6 hivi ya mafuta. Anayekuahidi asilimia 20 kwa kubadilisha matairi anauza kitu kingine.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji: gari linalokunywa kidogo lina kidogo cha kuokoa. Chukua Aqua inayopata kilomita 20 kwa lita na kutembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Inatumia lita 750. Matairi yakikupunguzia asilimia 3, umeokoa lita 22 na nusu. Kwa shilingi 3,000 kwa lita hizo ni shilingi 67,500 kwa mwaka (wewe weka bei kikomo ya EWURA ya Musoma kwa mwezi ulio nao). Matairi yakidumu miaka mitatu, umeokoa 202,500. Gawa kwa matairi manne: karibu 50,000 kwa kila moja.

Hiyo 50,000 ndiyo kikomo chako. Tairi la kubana mafuta likizidi la kawaida lenye ubora sawa kwa 30,000, nunua, litarudisha pesa yake. Likizidi kwa 120,000, mafuta peke yake hayatailipa tofauti hiyo. Uwe na sababu nyingine ya kulichukua, kama kushika barabara vizuri zaidi kwenye mvua au kudumu zaidi. Ukitembea nusu ya kilomita hizo, kata kikomo nusu. Dereva anayepeleka abiria Mwanza kila siku afanye hesabu yake upya, maana anaweza kumaliza hizo kilomita 15,000 kabla ya miezi miwili kwisha.

Kwa kupita tu: Land Cruiser inayopata kilomita 7 kwa lita ingeokoa lita 64 kwa mwendo uleule na asilimia ileile. Mwenye V8 ndiye aliyepaswa kutafuta matairi haya kwanza, lakini yeye huwa anatafuta yenye meno makubwa.

Namba ya mlangoni

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo. Kuna stika yenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Kwa Aqua utakuta 165/70R14, 175/65R15 au 195/50R16, kutegemea toleo. Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka mwaka 2009, ina 195/65R15 au 215/45R17. Corolla Fielder za haibridi nyingi zina 175/65R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Baada yake utaona kitu kama 84S: 84 ni uzito, kilo 500 kwa tairi moja, na S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Herufi ya mwendo usiumize nayo kichwa, hakuna barabara Mara inayohitaji zaidi ya S. Namba ya uzito ndiyo usiishushe. Haibridi imebeba betri na mota juu ya vitu vyote vya gari la kawaida, kisha wewe unaongeza abiria watano na gunia la mahindi kutoka Butiama.

Dukani utaambiwa: "Bosi, hii saizi haina nguvu. Nikufungie 185 gari linyanyuke kidogo." Mjibu tu kwa upole: "Hapana fundi, nataka ile ya mlangoni." Ushauri wake una chanzo. Aqua ya kawaida ina nafasi ya kama sentimita 14 tu chini yake, na barabara zetu za pembeni hazina huruma. Lakini piga hesabu ya kilichopatikana. Ukitoka 175/65R15 kwenda 185/65R15, kipenyo kinatoka milimita 608 hadi 621. Gari linanyanyuka kwa nusu yake, milimita 6 na nusu, unene wa penseli. Kwa penseli hiyo umepata tairi pana na zito zaidi, linaloweza kugusa plastiki ya ndani ukikata kona na gari likiwa limejaa. Shida ikiwa ni kugonga chini, zungumza na fundi wa springi na shokapu kwanza.

Kosa la upande wa pili ni rimu kubwa. Waliopata Prius yenye 215/45R17 wanaipenda kwa sura, na kweli inapendeza. Ubavu wa tairi hilo una milimita 97 tu. Wa 195/65R15 una 127. Hizo sentimita 3 za mpira na upepo ndizo zinazosimama kati ya rimu na shimo. Tairi la 17 ni pana, ni zito, na kwa kawaida ni ghali zaidi. Kama unapanga kununua matairi manne ya 17, ulizia kwanza bei ya rimu nne za 15 za Prius ya kizazi hichohicho. Zote mbili ni saizi za kiwandani, kipenyo kinatofautiana kwa asilimia moja na nusu tu, na baada ya hapo kila tairi utakalonunua litakuwa la bei nafuu kuliko ungelinunua la 17. Kwa anayeishi huku, mimi naona huo ndio ununuzi wenye akili kuliko yote yaliyomo katika makala hii.

Kuna pia wanaofunga matairi ya magari ya mizigo, yale yenye herufi C au maandishi 8PR, kwa hoja kwamba hayapasuki. Ni kweli ni magumu. Yametengenezwa kwa ajili ya kirikuu na vipanya, yanataka upepo mwingi zaidi, na ukiyajaza kwa kiasi cha gari dogo yanabingirika kwa shida. Haibridi iliyofungwa 8PR inabaki haibridi kwa jina.

Kusoma ubavu wa tairi

Neno ECO likiandikwa kwenye tairi halina maana yoyote peke yake. Mtengenezaji yeyote anaweza kuliandika. Vipimo vya kweli viko viwili. Japani ilianza mwaka 2010 kuyapanga matairi kwa madaraja: AAA, AA, A, B na C kwa wepesi wa kubingirika, na a, b, c, d kwa kushika barabara iliyolowa. Huko tairi haliruhusiwi kuitwa la kubana mafuta mpaka lipate angalau A kwa kubingirika na lisikose daraja la maji. Umoja wa Ulaya ulileta lebo yake mwaka 2012 na kuibadilisha Mei 2021: sasa ni A hadi E, rangi ya kijani hadi nyekundu. Mipaka yake inalingana, hivyo AAA ya Japani ni sawa na A ya Ulaya, AA ni B, A ni C.

Tatizo ni kwamba lebo hizi ni za karatasi. Tairi linapofika Musoma karatasi mara nyingi imeshabanduka, au haikuwahi kuwekwa. Kinachobaki kwenye mpira ni jina la kampuni, jina la muundo na saizi. Andika vyote vitatu kwenye simu, kisha tafuta. Matairi yanayouzwa Ulaya yamo kwenye kanzidata ya wazi ya Umoja huo, EPREL, na yenye lebo ya 2021 yana msimbo wa QR unaokupeleka hapo moja kwa moja. Hakikisha unaangalia saizi yako, kwa sababu muundo mmoja unaweza kuwa B katika saizi hii na D katika saizi nyingine. Majina ya Kijapani ya kundi hili ni kama Ecopia ya Bridgestone, Enasave ya Dunlop, BluEarth ya Yokohama na NanoEnergy ya Toyo; Michelin wana Energy Saver, Goodyear wana EfficientGrip. Kampuni za Kichina nazo siku hizi zina miundo yenye madaraja mazuri, kwa hiyo usilikatae tairi kwa sababu ya nchi lilikotoka. Likatae kwa kukosa daraja.

Kuna mtego mmoja hapa. Ubavuni utakuta pia maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE yakifuatiwa na namba na herufi. Huo ni mfumo wa Marekani. Unasema tairi litadumu kiasi gani, linashika vipi na linavumilia joto kiasi gani. Kuhusu mafuta hausemi neno. Muuzaji akikuonyesha "TRACTION A" kama ushahidi wa kubana mafuta, mshukuru na uendelee kutafuta.

Halafu angalia umri. Baada ya herufi DOT kuna mlolongo unaoishia na tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mara nyingine namba hiyo iko upande mmoja tu wa tairi, na fundi akiwa ameligeuza kwa ndani itabidi uiname na tochi. Mpira hukauka hata bila kutembea, na tairi lililopangwa nje ya duka juani hukauka haraka zaidi. Tairi "jipya" la miaka minne unalolipia bei kamili lina maisha mafupi kuliko unavyodhani. Mimi nisingelinunua bila punguzo kubwa. Michelin wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima.

Matairi ya theluji

Hili linastahili kusemwa peke yake kwa sababu linawapata wengi bila wao kujua. Gari lililotoka Hokkaido au sehemu nyingine za baridi za Japani huweza kufika Dar es Salaam likiwa na matairi ya theluji. Yanaonekana mapya, yana meno marefu, mwenye gari anafurahi. Yatambue hivi: ubavuni pameandikwa STUDLESS, au pana alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani, au jina kama Blizzak, iceGuard au Winter Maxx. Ukiyatazama usoni, kila jino limejaa vijichanjo vyembamba vya kujipindapinda, kana kwamba mtu alipita na wembe.

Mpira wake ni laini makusudi, uweze kushika barafu. Kwenye lami ya moto ya mchana kati ya Bunda na Lamadi mpira huo laini unageuka uji: unakula mafuta, unaisha haraka, na gari linayumba ukikwepa kitu ghafla. Kwenye maduka ya mtumba haya yamejaa, tena kwa bei tamu, kwa sababu Japani yakibakiwa na nusu ya meno hayafai tena kwa theluji na hutupwa. Usiyaguse.

Kuhusu matairi ya mtumba kwa jumla nitasema kifupi. Ubora wake wa kubingirika unaweza kuwa mzuri sana, maana mengi ni ya Kijapani na tairi lililolika kidogo hubingirika kwa wepesi kuliko jipya. Lakini hujui liligonga nini. Omba lifunguliwe, angalia ndani kama kuna viraka au michirizi ya kukunjika ubavuni, soma DOT, pima meno. Ukikataliwa kuona ndani, hapo pana jibu.

Mvua, mawe na kikomo cha tamaa

Zamani tairi la kubana mafuta lilikuwa na sifa ya kuteleza, na sifa hiyo haikuwa ya uongo. Mpira usiokula nguvu ndio huohuo usioshika. Mambo yalibadilika pale Michelin walipoanza mwaka 1992 kuchanganya silika kwenye mpira mahali pa sehemu kubwa ya kaboni nyeusi. Ndipo ikawezekana kupata wepesi na kushika kwa pamoja. Ila silika ina gharama, na mtengenezaji wa bei ya chini anaweza kuamua kukupa kimoja akunyime kingine. Kwa hiyo usisome daraja la mafuta bila kusoma la maji lililo pembeni yake. Katika madaraja ya kwanza ya Ulaya, tofauti ya juu na chini kabisa kwenye lami iliyolowa, gari la kawaida likitoka kilomita 80 kwa saa mpaka kusimama, ilifika mita 18.

Mita 18 zifikirie mbele ya Shule ya Msingi Mwisenge, ile ambayo Nyerere alianza masomo mwaka 1934, mvua ya masika ikiwa imeanza saa mbili kasoro asubuhi na watoto wanakimbilia darasani. Nikiwekewa tairi moja lenye B ya mafuta na B ya maji, na jingine lenye A ya mafuta na D ya maji, nachukua la kwanza bila kuuliza bei. Hiyo A ya tairi la pili ingeniokolea mafuta kidogo tu kwa mwaka.

Jambo la pili, na hili lebo za Japani na Ulaya hazilipimi, ni mawe. Njia za wepesi ni pamoja na kupunguza mpira, na ubavu mwembamba ni mojawapo. Kwenye lami ya Musoma hadi Makutano hakuna neno. Ukiwa mtu wa kwenda Majita au vijiji vya ndani ya Butiama kila wiki, kwenye changarawe yenye mawe ya ncha, ulizia tairi lenye maandishi XL, maana yake limeimarishwa kubeba zaidi, na ushuke daraja moja la mafuta bila majuto. Ubavu ukishachanika haupigwi kijiti wala kiraka. Tairi limekwisha, na akiba yote ya mafuta imekwenda nalo. Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa Ulaya na Japani, ulioandikwa kwa watu ambao barabara yao mbovu ni ile yenye viraka.

Upepo

Stika ya Kijapani inaandika upepo kwa kilopaskali, kwa mfano 230, na pembeni 2.3. Mashine ya kituo cha mafuta inasoma kwa psi. Kilopaskali 100 ni psi 14.5, kwa hiyo 230 ni psi 33, 220 ni 32, 240 ni 35. Andika kwenye karatasi ubandike chini ya stika, kwa sababu kijana wa upepo atakuuliza "ngapi ngapi?" na wengi hujibu thelathini kwa mazoea.

Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi moja inayopungua katika matairi yote hula asilimia 0.2 ya mafuta. Ukitembea na 25 badala ya 33 umepoteza asilimia 1.6, yaani nusu ya ile asilimia 3 uliyoinunua kwa pesa nyingi dukani. Na Aqua au Prius nyingi za soko la Japani hazina taa ya kukuonya upepo umepungua. Nunua geji yako ndogo, pima asubuhi kabla gari halijatembea, mara moja kila wiki mbili. Ukipima baada ya safari utakuta psi 3 au 4 za ziada. Hizo ni za joto, usizitoe.

Kuna wanaojaza 42 au 45 ili kubana zaidi. Gari linakuwa jepesi kweli, nakubali. Pia linarukaruka kwenye rasta, tairi linaliwa katikati, na jiwe linalokutana na mpira uliokazwa hivyo hupasua badala ya kuteleza. Psi 2 juu ya stika kwa safari ndefu ya lami ukiwa na mzigo ni sawa. Zaidi ya hapo acha.

Siku ya kufunga

Ukiweza, nunua manne ya aina moja. Pesa ikitosha mawili tu, yafunge nyuma, na yale ya zamani yaliyo mazima zaidi yaje mbele. Fundi atashangaa, kwa kuwa mazoea ni mapya mbele. Sababu ni mvua: nyuma ikiteleza kwenye kona dereva wa kawaida hawezi kuirudisha, mbele ikiteleza anaachia mafuta na gari linanyooka. Haibridi hizi nyingi huvuta kwa mbele, na mota ya umeme inavuta kwa nguvu tangu gari likiwa limesimama, kwa hiyo matairi ya mbele huliwa haraka. Yabadilishane mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Lipa balansi, na lipa alaimenti hasa kama yale ya zamani yalikuwa yameliwa upande mmoja. Gari linalokwenda kiubavuubavu linaburuza matairi, na hakuna daraja la lebo litakalofidia hilo. Valvu za mpira ziwe mpya. Ni kitu kidogo, fundi akizirudisha za zamani upepo utakuwa unatoka polepole bila kuona msumari.

Sasa rudi kwenye ile dashibodi iliyoshuka kutoka 22 hadi 20. Hata ukinunua tairi bora kabisa, itashuka kidogo mwanzoni, na sababu ni mbili. Tairi jipya lina meno ya milimita 7 au 8, na mpira mwingi unaobonyea ni kazi zaidi. Lililoisha lilikuwa jepesi kwa sababu halina kitu. Pili, tairi lililolika ni dogo. Likipoteza milimita 6 kwenye nusu kipenyo ya 304, gari linahesabu asilimia 2 zaidi ya kilomita ulizotembea kweli. Kilomita zako za zamani zilikuwa na chumvi kidogo. Usiwahi kulinganisha kipara na kipya halafu ukamlaumu muuzaji. Kwisha kwenyewe kunajulikana kwa vile vinundu vilivyo chini ya mifereji: meno yakilingana navyo yamebaki milimita 1.6 na hakuna mjadala. Kwa masika ya huku ningebadilisha yakifika 3.

Pima baada ya kilomita elfu moja au zaidi, kwa pampu: jaza tangi mpaka bomba likate, tembea njia zako za kawaida, jaza tena kituo kilekile mpaka likate, gawa kilomita kwa lita. Fanya hivyo kwa matangi matatu mfululizo. Tangi moja halitoshi kuonyesha tofauti ya asilimia 3; upepo wa ziwani, mzigo au foleni ya Mwanza vinaweza kuimeza yote.

Kabla hujaondoka kwa fundi, angalia chini ya zulia la buti. Aqua nyingi na baadhi ya Prius hazikuja na spea. Zina chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi hiyo ina tarehe ya kwisha, na kwenye gari lenye miaka kumi ilikwisha zamani. Tena haisaidii kitu ubavu ukichanika. Kwa hiyo lile lililo bora kati ya yale manne ya zamani, kama lina meno ya milimita 3 na DOT yake si ya kale, usimwachie fundi. Tafuta rimu moja ya chuma yenye matundu yanayolingana, lifunge, lijaze upepo, lilaze kwenye buti na ulikaze kwa mkanda lisiruke. Hakikisha pia kuna jeki na spana ya magurudumu, maana magari yaliyokuja na chupa ya gundi mara nyingi hayana hata vifaa hivyo, na kati ya Bunda na Lamadi, usawa wa lango la Ndabaka, hutapata mtu wa kukuazima.